Mfuo

Jiwe lilifika Jumatatu, limefungwa kwa magazeti ya Windhoek,
zito kama deni, pana kama sinia la pilau.
Nikatia saini. Juma la tatu sasa
nalikuna kwa sindano ya daktari wa meno
katika chumba cha chini, Makumbusho,
ambako dirisha linaonyesha miguu tu
ya watu wanaokwenda kutazama mafuvu.

Mafuvu yana foleni. Yana taa na kamba nyekundu.
Watoto wa shule kutoka Dandora huyaonyesha meno,
nayo huwaonyesha meno.
Jiwe langu halina muulizaji,
na siwalaumu: halina fuvu, halina jino,
halina hata kiumbe.
Lina mfuo mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia,
unakwenda, unapinda, unasita,
kisha unakwenda tena.

“Mnyama mwenyewe yuko wapi?”
Ni Wangwe, mlinzi wa usiku, amekuja kuchemsha chai.
Nikamwambia hayupo. Alipita.
Akaiinamia hadubini, kikombe mkononi
(nikakiondoa kikombe),
akanyamaza hadi chai ikapoa,
akasema: “Kumbe alikuwa na safari.”

Ndiyo, Wangwe. Kabla yake, kwa kadiri tunavyosoma,
bahari ilikuwa ya wenye kulala tu:
mikeka ya vijidudu juu ya tope,
vitu kama majani, vitu kama mito ya kitandani,
visivyo na mdomo, visivyo na mbele wala nyuma.
Kisha mmoja akawa na mbele.
Hilo tu. Upande mmoja wa mwili
ukaamua kufika kabla ya ule mwingine.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, tuliambiwa.
Huyu alikwenda pole kuliko simba wote,
na nyama haikuwapo bado
ila yake.

Saa tatu stima zikapotea.
Ngara yote giza, jenereta ikikohoa ng'ambo ya mto.
Nikaufuata mfuo kwa kidole,
na vumbi la jiwe likanijia puani, harufu ya baba
akirudi kutoka machimbo ya Njiru,
nyusi nyeupe, akigonga viatu ukutani
kabla ya kuvuka kizingiti.

Miaka thelathini na mmoja alichonga mawe.
Sijui ni nyumba ngapi za Kayole zimesimama juu ya mgongo wake;
hakuhesabu, wala hakuna aliyemhesabia.
Alipokwenda kubadilisha kitambulisho
mashine ilikataa vidole vyake.
Mzee, panguza. Mzee, jaribu kingine. Bonyeza.
Vyote kumi, laini kama yai.
Binti wa kaunta, mwenye adabu kabisa,
akaandika mbele ya jina Musembi Kilonzi:
*hana alama*.
Baba alicheka njia nzima hadi nyumbani.
Usiku nilimwona amekaa chini ya taa
akivitazama viganja kama barua aliyosahau kuisoma.

Mnyoo laini, bila mfupa, bila kucha,
alijiburuta siku moja juu ya tope,
siku ambayo pengine haikuwa na lolote,
na tope likamwekea.
Mimi sina hasira na mnyoo.
Nasema tu kwamba nililia kidogo, gizani,
na kwamba Wangwe, nje, alijifanya kukagua kufuli.

Stima ziliporudi nikajaza fomu.
Jina: halijulikani.
Sehemu za mwili zilizohifadhiwa: hakuna.
Urefu wa mfuo: sentimita kumi na tisa,
kisha ukingo, mahali msumeno wa watu wengine ulipopita.

Hapo kalamu ilisimama.
Nikaongeza, ingawa fomu haikuuliza:
mfuo haukuishia hapa.
Ni jiwe lililoishia.