Noti ya Chini

Kabla hujanisimulia kifua chako, Bwana Khaemba,
kaa. Kigoda hicho kina mguu mmoja mfupi, utakizoea.
Hapa ni ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Chini yetu wananyoosha mabati ya magari tangu alfajiri
na mimi nimejifunza kusikiliza katikati ya nyundo.

Ulipanda ngazi kwa vituo viwili,
kasha umelifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli.
Ukasema: za juu zinatoka. Za chini zinakoroma,
zinagugumia kama mfereji siku maji ya kaunti yanaporudi,
kisha zinaruka juu, zinanikimbia.
Ukataja miezi sita ya vidonge.
Ukasema kiongozi wa bendi kanisani amekupa kayamba,
kwa upole, mbele ya watu.
Ukasema pafu la kushoto,
ukaishia hapo.

Mimi si daktari. Mimi ni Syombua, binti wa fundi baiskeli wa Tala,
na kwetu gurudumu likilegea hatumlaumu mwendeshaji.
Baba alizamisha tyubu kwenye karai la maji
na tundu likajitaja lenyewe, povu baada ya povu.
Saksafoni haizamishwi.
Inaulizwa, na ina uongo mwingi.

Nikaanza na shingo: kiganja upande mmoja, mdomo wa pili, nikavuta.
Ikaniganda mkononi kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Shingo nzima.
Mwanzi ulikuwa na pengo pembeni, dogo kama jino la panya.
Nikatia mpya. Ikakoroma vilevile.
Nikapitisha karatasi ya sigara chini ya kila kifuniko,
nafunga, navuta taratibu,
na kila ngozi ikaing'ang'ania karatasi yake
kama karani na muhuri.

Basi nikakuomba nipulize mwenyewe.
Mimi nina mapafu ya kukopesha,
nililelewa nikipanda vilima na mtungi.
Nikajaza kifua, nikashuka hadi bi-flati,
ikakoroma, ikaruka juu,
ikanikimbia mimi pia.

Ulicheka!
Sijawahi kuona mteja akifurahia hivyo
kushindwa kwa fundi wake.
Ukasema, rudia. Nikarudia. Nikashindwa tena, vibaya zaidi,
nawe ukajipangusa macho kwa mkono wa shati.

Hapo stima ikapotea.
Dirisha langu hutazama ukuta wa jirani, giza likawa giza.
Uliomba radhi, kana kwamba wewe ndiwe uliyeikata.
Chini hawakusita; nyundo haina bili.
Nami nilikuwa naiombea giza hilo tangu asubuhi.

Nikashusha uzi wa taa ndani ya koo la shaba,
nikabonyeza vyote, mpaka kidole kidogo cha kushoto,
na pale, ukingoni mwa ji-shapu,
mwezi mwandamo.
Mwanga mwembamba kama ukucha.
Kumbe kifuniko hiki kikiwa peke yake hufunga vizuri.
Ni wenzake wa chini wanapoitwa ndipo hunyanyuka,
kidogo tu, kama mtu anayechungulia mazishi ya jirani,
na pumzi yako yote, Bwana Khaemba,
miezi yote hiyo, ilitokea hapo.

Kipande cha koki kilikuwa kimesagika kikawa karatasi.
Nikakata kingine kutoka kizibo cha chupa,
nikakigundisha, nikageuza skrubu robo mzunguko.
Robo. Ukizidisha, unaua noti nyingine.

Uliipokea gizani. Ukapapasa mdomo wake, ukapuliza.
Ikashuka.
Nene, ya kahawia, hadi kigoda kikatetemeka mguu wake mfupi.
Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne,
na ya tano haikufika.
Hiyo ya tano ni ya kifua kweli. Hiyo
sina bisibisi yake.

Mia nane, nikasema. Mwanzi ni bure.
Ukahesabu noti kwa vidole, bado giza,
ukakohoa,
safari hii bila kuomba radhi.