Nyuma ya Risiti

Nyuma ya risiti ya maziwa naandika:
ada, riyali tisini kwa mwezi.
Toa ruzuku, thelathini na tano.
Zabaki hamsini na tano,
na usajili, na basi la kutoka Maabela,
na nepi, ambazo fomu haikuzitaja.

Khalfani anachungulia begani kwangu:
"Umesahau Agosti."
Kweli. Agosti kituo hufungwa; ada haifungwi.

Kwa Bi Thuraiya, nyumba ya tatu, ni ishirini tu:
watoto tisa, televisheni moja,
mlango wa jikoni usio na komeo.
Kule kituoni leseni imetundikwa ukutani,
ndani ya fremu, juu ya jozi kumi na mbili za viatu vidogo.
Nilikwenda kusoma leseni, nikajikuta nahesabu viatu.

Mama mkwe alilea sita bila kuandika tarakimu.
Leo magoti hayamfikishi hata barazani.
Kazi yake ile, riyali ngapi?
Karatasi haina safu yake.

Najumlisha tena.
Sabini na mbili, na baisa mia nne.
Napiga mstari chini, mara mbili,
kisha nainama chini ya kochi
kutafuta kiatu cha Mundhiri, cha kushoto.