Saa Tisa na Robo

Kwenye faili: kichwa, mgongo, tumbo kuwaka.
Amekuja mara nne mwezi huu, mara nne panadoli.
Malaria hakuna. Presha, mia na kumi kwa sabini.
Damu ya kutosha, angeweza kumkopesha jirani.
Ndahani, akinikabidhi zamu, alinong'ona:
"Wa kitanda cha sita hana kitu. Anajidekeza."

Nikapokea funguo, nikapokea mkasi na daftari.
Neno lile sikulipokea.

Jina lake Nyemo. Kwa Kigogo, furaha.
Wodi nzima walishamaliza kulitania.

Nikavuta stuli, nikatazama kama mtu aliyefika leo.
Kanga kaivaa ndani nje, methali yake haisomeki.
Uji wa uwele umefanya ngozi.
Kiunoni sketi imekunjwa, imeshikwa na pini mbili.
Mizani: hamsini na mbili.
Kadi ya Machi: sitini na moja.

Nikiuliza, jibu linachelewa
kama ndoo kwenye kisima cha Oktoba:
kamba inashuka, inashuka,
kisha unasikia mchanga.

"Unalala?"
"Nalala."
"Unaamka saa ngapi?"
"Saa tisa. Saa tisa na robo.
Kila siku. Nasikiliza bati likipoa."

Hapo kalamu yangu ikasimama.

Usinipe sifa; wazo la kwanza nalo hudanganya.
Nikapapasa shingo, nikitafuta tezi.
Nikauliza pombe, uzazi, dawa za mganga,
msiba. Hakuna msiba, alisema, na hilo ndilo linalomwonea haya:
mizabibu ya Mpunguzi imezaa, deni limelipwa,
watoto wanacheka uani,
naye anawaona kama walioko ng'ambo ya kioo.

Korongo letu la mchanga halikauki, linaficha.
Anayetaka maji hupiga magoti,
huchimba kwa mikono.
Mgongo, tumbo, kilo tisa, saa tisa na robo:
nilikuwa nahesabu mashimo
nikidhani ni makorongo manne.

Likabaki swali moja, lile tunaloliruka
kama nyoka aliyelala kizingitini.
Wapo wasemao ukilitaja umeliita.
Si kweli. Lilikwisha kuingia, likakaa,
linangoja mtu wa kulisalimia.

"Nyemo, umewahi kufikiria kujiua?"

Taa ilivuma. Mtoto wa kitanda cha pili akakohoa.
"Kuna dawa ya kunyunyizia zabibu, ilibaki," alisema.
"Naijua ilipo."
Halafu, polepole:
"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Sikumwambia ana watoto.
Sikumwambia aombe, wala kwamba wenzake wana makubwa zaidi.
Nilisema, "Asante kwa kuniambia," sauti yangu ikanisaliti kidogo,
nikakisukuma kitanda chake, magurudumu yakilia,
hadi kando ya meza yangu.

Nikamwamsha daktari. Nikampigia Chibago, kaka yake:
"Itoe hiyo dawa nyumbani, usiku huu, usingoje jogoo."
"Ana mashetani?"
"Ana ugonjwa. Unatibika.
Na umletee kandambili, sakafu ni ya baridi."

Kisha nikafunua faili nyuma, kurasa za mwanzo wa mwezi.
Ziara ya pili: maumivu ya mgongo, panadoli, aende nyumbani.
Mwandiko ulikuwa mzuri, wa haraka.
Ulikuwa wangu.

Saa tisa na robo alifumbua macho.
Alinikuta. Hatukusema lolote.
Juu yetu bati lilikuwa linapoa, tik, tik,
na mara hii tulikuwa wawili wa kulisikiliza.

Asubuhi Ndahani akauliza, "Habari ya sita?"
"Amekunywa uji vijiko vitatu."
"Ndiyo habari hiyo?"
"Ndiyo habari. Andika.
Na lile neno la jana, lifute."