Meno ya Kiporo

Alikuja ndani ya kapu la magimbi kutoka Kiwira,
amelowa, ananuka moshi wa jiko la watu wengine,
na kabla hajaonja maziwa
aliuonja mkono wangu.

Vimeno! Punje za mchele wa Kyela,
vyeupe, vyembamba, vya juzi tu;
lakini vikikushika kiganja
unamtaja Mungu kwa Kinyakyusa.

Tusekile akamwita Kiporo
kwa kuwa alimaliza ugali wa jana
na nusu ya mwiko.

Wiki ya kwanza aliuma kila kinachotikisika:
pindo la khanga, kamba ya kiatu cha shule,
ufagio ukiwa kazini,
kisigino cha mama mkwe, naye yuko magotini anasali.

Ambilikile, mlinzi wa mashamba ya chai,
akaegemea ua wa matete, mvua ikimchuruzika kofiani:
"Mpake pilipili. Au ndala, hapa, puani, mara moja tu.
Ila hata sielewi unamfunza nini.
Mbwa asiyeuma ni gunia la pumba lenye mkia."

Sikumjibu.
Nilikuwa nimekumbuka kitu kingine:

Tusekile ana miezi minane,
jino lake la kwanza, titi langu la kushoto.
Ananing'ata, ananitazama, anacheka.
Nilisema "aa!", fupi, kama aliyekanyaga kaa la moto,
nikafunga blauzi,
nikaitazama kalenda ya ushirika ukutani
nikihesabu magunia ya kahawa ambayo hatukuvuna.
Akalia. Nikarudi. Akauma. Nikafunga.
Siku kumi na moja.
Kovu lipo; baba yake hadi leo anadhani ni tetekuwanga.

Basi hivyo hivyo na Kiporo.
Aking'ata: "aa!", na mkono unakufa papo hapo.
Hauvutwi. Mkono unaokimbia ni panya,
na panya hufukuzwa.
Nainuka, nampa mgongo,
namenya ndizi kama vile nyumba hii haijawahi kuona mbwa.
Akitulia narudi, nampa buti la mvua la marehemu baba,
la mguu wa kulia (la kushoto lilibaki matopeni, na mguu ukatoka mtupu).
"Hili uma. Hili lote lako."

Tusekile alishindwa mwanzoni.
Alivuta mkono, alipiga yowe, alikimbia,
na Kiporo akaona harusi imeanza.
"Simama kama mgomba," nikamwambia.
"Mgomba unayumbishwa na upepo, mama."
"Basi mgomba wa usiku."
Akasimama. Kafumba macho, machozi yanamtoka,
soksi moja imo mdomoni mwa mbwa.

Sikutaka asiume kabisa, Ambilikile.
Wapo wapitao usiku wa manane
wakikata mikungu wasiyoipanda.
Nilitaka tu ajue mkono ni nini.

Mwezi wa sita, baridi imeshuka hadi ndani ya blanketi,
umeme umekatika tangu magharibi.
Sauti ikatoka gizani, karibu na jiko:
"Mama, ameushika mkono wangu. Wote."
"Haumi?"
"Hauumi. Ameushika tu,
kama mimi nikitumwa yai dukani."

Nikaacha kutafuta kiberiti.

Asubuhi tukakuta jino ndani ya buti,
dogo, halina hata damu.
Tusekile akaenda kuleta la kwake, lililotoka Jumapili,
alilokuwa amelifungia kwenye pamba asiambiwe alirushe.
Akayalinganisha kiganjani muda mrefu,
akapima lipi kali,
kisha akayatupa yote mawili juu ya bati.

Yakabiringika, moja, halafu jingine,
na Kiporo akayabwekea
mpaka yakanyamaza.