Msumari

Nilipanga kwa Jabiri, Jadida, tisa miaka,
Akatoa tahadhari, funguo nikizishika:
“Usitie msumari, ukuta utapasuka.”
Saa yangu ya ukuta, nikailaza kitini.

Ila mvua ikija, na bati likavujia,
Simu yangu mara moja, Jabiri humfikia,
Huja na ngazi pamoja, na lami ya kuzibia;
Mie na kikombe changu, natazama mlangoni.

Kisha mwanawe kaoa, chumba akakihitaji,
Vitu nikavikokoa, mbuzi na ndoo ya maji.
Kodi niliyoitoa, hairudi, si mtaji;
Risiti zote ninazo, nimezifunga kambani.

Nikanunua kiwanja, Limbani nikasogea,
Kibubu nikakivunja, bangili zikapotea.
Mchanga, ningeuonja, chumvi ingenielea;
Fundi Kombo aliapa, hautoki ufukweni.

Usiku wa kuhamia, nyundo niliitafuta,
Pasi wa kunizuia, nikaupiga ukuta.
Lipu ikaniingia, machoni, nikaifuta,
Nikacheka: ya Jabiri, yamenifuata ndani!

Uani nikaatika, mdimu wa peke yangu,
Najua utapotaka, kuzaa, ni kwa wanangu.
Hapana wa kunisaka, akidai chumba changu;
Sasa wana wakioa, mie nala harusini.

Ajira ikatokea, Mkoani, huko mbali.
Zamani ningepokea, kesho nipo, si suali.
Nyumba haikutembea, mgongo hauhimili;
Ningekuwa konokono, ningefika Mkoani.

Juzi mvua kashuka, kitanda ikalowesha,
Simu mbio nikashika, mwenye nyumba kumwamsha,
Ndipo nilipokumbuka, hati jina yaonyesha:
Mwanapili binti Faki, aliyelowa shukani.