Ufa Usiopiga Kelele

Saa tisa za usiku, Kutaisi.
Theluji imekuwa tope mlangoni pa dharura.
Wanamleta Jumberi, dereva wa lori la machenza.
Breki zilimkatalia kwenye mteremko wa Rikoti,
goti likaipiga dashibodi,
na dashibodi haikusogea.

Paja limevimba mfano wa gunia,
limepinda mahali pasipo kiungo.
Hata mfagiaji ameona, amejipiga ishara ya msalaba.
Paja linapiga kelele,
nasi sote tunaligeukia, kama watu matangani
wamtazamavyo anayegaragara,
wasimwone aliyekaa pembeni, macho makavu.

Mimi ndiye mpiga picha. Shorena.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu wabane pumzi.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Walimsahau wa kuuona.

Naomba nyonga.
Daktari Badri hataki. Damu inamwisha, anasema,
chumba kiko tayari, na nyonga umeshaipiga.
Kweli nimeipiga: picha moja, mguu umeangukia nje,
shingo ya fupa imejikunja ndani ya kivuli chake
kama mtoto nyuma ya pazia
anayedhani miguu yake haionekani.
Safi, ungesema.
Nilishawahi kusema.

Tsiala alikuwa akiuza mkate wa maharage kituo cha treni.
Paja lake tulilitia chuma kirefu, tukapeana mikono.
Wiki ya tano akasema, kinena kinaniuma.
Tukamjibu, ndivyo kupona kulivyo.
Wiki ya tisa shingo ilikuwa imeshashuka,
na mguu wa kulia ukapungua vidole viwili.
Picha ya siku ya kwanza ninayo, droo ya chini.
Ufa upo. Mwembamba kuliko unywele, lakini upo.
Niliuona baada ya kuujua.

"Milimita mbili," namwambia Badri.
"Vipande vya milimita mbili, dakika nne,
mashine iko njiani mwenu."
Ananitazama. Anatazama saa.
"Tatu," anasema.

Mashine inamkata Jumberi bila kumgusa,
nyonga yake inapita kiooni ukurasa kwa ukurasa,
nzima, nzima, nzima,
halafu ule wa thelathini na moja:
mstari umesimama wima,
kimya, kama mgeni asiyetaka kusumbua.
Badri hasemi neno.
Ananipokonya kalamu, anaandika upya amri yote.

Shingo kwanza, anawaambia wenzake wakinawa.
Paja lisubiri; mwenye kelele si mwenye hatari.
Damu ya kichwa cha fupa hupita vijia vyembamba,
tukimtikisa kabla ya kumfunga, vijia hivyo vinakatika.
Skrubu tatu, polepole, mkono wa fundi saa.
Ndipo chuma cha paja kiingizwe kutokea gotini,
kipande juu, kikome kabla ya kugombana na skrubu.
Mimi nazungusha mkono wa mashine,
aproni ya risasi inanikata mabega,
mtu fulani amenukia chenza na sijui ni nani,
kumbe ni yeye, vidole vyake, chini ya shuka.

Kabla hajaamshwa naomba nyonga tena.
Safari hii hakuna anayebisha.
Mguu umegeuzwa ndani, shingo imejinyoosha mbele ya mwanga.
Hakuna kilichosogea.
Itaishi? Badri anavua glovu.
"Niulize baada ya miaka miwili."

Kumepambazuka. Jumberi anauliza habari za mzigo.
Hakuna anayetaka kumwambia
kwamba mteremko mzima ni wa rangi ya machungwa
na watu wanaokota kwa ndoo.

Alhamisi Tsiala atakuja kliniki.
Nitamsikia kabla sijamwona:
hatua, fimbo, hatua.
Huniletea mkate, bado wa moto, umefungwa gazetini.
Naula wote, nikisimama, mgongo wangu kwenye droo.
Sijawahi kumwonyesha ile picha.