Mlango Mmoja

Kutwa naandika uzito wa sangara,
kreti kwa kreti, kwenye daftari lililolowa,
mashine za barafu zikinguruma mgongoni.
Jioni nafika Nyegezi masikio bado yanasaga.
Kwa hiyo mniwie radhi nikisema
nilitaka kitu kimoja tu kisichopiga kelele.

Nina deki moja ya sidii.
Nina spika mbili, masanduku ya mninga,
na amplifaya ya nguvu isiyo na kitufe hata kimoja cha sauti:
ukiiwasha inatoa yote, kwa mkupuo,
kuku wa mama Nyanzobe wakaruka ukuta.
Pakakosekana kitu cha katikati,
mkono wa kusema: taratibu.

Muuzaji wa Barabara ya Nyerere alinipangusia vumbi
priampu pana kama sinia la harusi.
"Mama, nyuma ina milango kumi na miwili!
Televisheni humu, simu humu, redio, kinanda,
maiki siku ya kipaimara..."
Taa za buluu zikamkimbia usoni.
Nikahesabu: kumi na mmoja itabaki wazi,
nyumba za mende.
Laki tisa na nusu.
Nikamwambia nakuja,
neno ambalo kila muuza duka analijua.

Lugwisha yuko Mlango Mmoja, nyuma ya marundo ya mitumba,
kibanda kinanuka risasi iliyoyeyuka.
Hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza deki yangu inatoa umeme wa nguvu gani,
na waya wa kufika kwenye amplifaya una urefu gani.
Nikanyoosha mkono, nikagusa kiwiko. Hapa.
Akacheka kidogo, kwa pua.
"Basi wewe huhitaji kuongezewa.
Unahitaji kupunguziwa."

Niliibeba kauli hiyo hadi kituoni, nikapitiliza kituo.
Simiyu inaingia, Mara inaingia,
Kagera inaingia na matope yake,
ziwa halimfukuzi mgeni.
Lakini kutoka, linatokea mahali pamoja tu,
kule Jinja, mbali na macho yetu,
na ni hapo maji yanapoitwa mto.
Sikumwambia Lugwisha haya.
Niliporudi Jumamosi alikuwa anatafuta bisibisi.

Kiboksi cha bati la alumini, kidogo kuliko mche wa sabuni.
Tundu la kuingia, tundu la kutoka,
kitufe kimoja cha kuzungusha.
Nikakigeuza mara mbili.
"Waya wa umeme uko wapi?"
"Hakina."
"Umeme ukikatika?"
"Itazimika deki. Hiki hakina cha kuzimika."
Elfu hamsini na tano,
na kichwa cha sangara cha supu, alisisitiza, kisiwe kidogo.

Usiku nikaweka ile ya kwaya,
mkanda wa Igogo wa mwaka tisini na sita, uliohamishiwa sidii.
Tulikuwa arobaini. Mimi sauti ya pili, mstari wa nyuma,
kati ya Bituro na nguzo.
Miaka yote hii nimeisikia kama ukuta, ukuta mzuri,
lakini ukuta.

Nikazungusha mpaka alama ikaelekea saa tatu.
Kabla ya wimbo, benchi likalia.
Mwalimu Mugeta akalamba kidole, akafunua karatasi,
yeye ambaye tulimzika Magu mvua ikinyesha.
Mtu akakohoa. Nadhani ni Bituro,
kikohozi kile kile alichosema ni vumbi la pamba.
Halafu watu arobaini wakavuta pumzi.

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma.
Wakavuta tena.
Ipo moja inayochelewa, nusu ya nukta,
kama ya mtu aliyekuwa akitazama dirishani.

Sikuongeza sauti.
Nilipunguza,
nikavuta kigoda karibu.